Siku Mama Tae-ung Alipokuja Peke Yake

Daktari Seok Jeong-rim alikuwa na tabia ya kumtazama mtu miguu kabla ya uso. Ukikutana naye sokoni hapa Jeonju, umebeba figili zako, ungeona macho yake yanashuka chini na kupima unavyokanyaga, ndipo yapande kukusalimu. Wauza samaki walimtania kwamba anatafuta viatu vya kununua. Alicheka nao, lakini tabia hakuiacha. Kuna watu aliowashika mkono papo hapo, kati ya kabichi na matango, akawaambia waje hospitalini, na kweli walikuwa wameshaanza ule ugonjwa wa kutetemeka ambao madaktari wanauita Pakinsoni.

Alizaliwa Imsil, binti wa fundi cherehani. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Seoul, alipelekwa na wenzake wodini kumwona bibi mmoja aliyekakamaa kama gogo, analishwa, anageuzwa, hasemi. Bibi yule akaanzishiwa vidonge. Wanafunzi waliporudi wiki iliyofuata walimkuta ameketi kitandani, amekunja blanketi lake vizuri, na neno lake la kwanza kwao lilikuwa: "Jiko la hapa liko wapi? Uji wenu hauna chumvi." Wenzake waliangua kicheko. Jeong-rim alitoka nje, akasimama kwenye ujia, akalia. Tangu siku hiyo hakutaka kusomea kitu kingine.

Akarudi kwetu akiwa bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, akaanza utafiti wake. Pakinsoni ina ndugu zake, magonjwa yanayofanana nayo kwa sura kama mapacha: mtu anakakamaa vilevile, anapunguza hatua vilevile, lakini vidonge havimsaidii na mwisho wake huja upesi. Kuwatenganisha mapema ni kazi ngumu. Daktari Seok aliamini jibu lipo katika mwendo. Akanunua kamera, akawa anawapiga wagonjwa picha za video wakitembea, wakigeuka, wakiketi. Huyu anaanguka mbele, yule anaanguka nyuma. Huyu anaganda mlangoni, yule anapepesuka kama mlevi. Alizitazama picha hizo miaka na miaka mpaka akaweza kukuambia, kwa mtu kugeuka tu, ni ugonjwa gani katika ukoo ule. Madaktari wa Seoul walianza kumtumia video zao awatazamie. Hakuolewa. Ukimuuliza sababu alisema hajampata mwanamume anayegeuka vizuri.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku Gi Chun-bok alipoletwa kwake na mkewe.

Mzee Gi na mkewe, Heo Sun-im, walikuwa na kinu cha kusaga nafaka na kupika mikate ya mchele, nyuma ya soko la kusini. Walikamua mafuta ya ufuta, walisaga pilipili, na karibu na sikukuu watu walipanga foleni hapo tangu alfajiri na mabeseni ya mchele uliorowekwa. Mkewe sote tulimwita Mama Tae-ung, kwa jina la mwana wao wa pekee. Mzee alikuwa mcheshi, ila ugonjwa ulikuwa umeushika uso wake hata akitania huoni dalili usoni.

"Daktari, huyu bwana nimeoa sanduku," alisema Mama Tae-ung. "Nalisukuma asubuhi, nalisukuma jioni."

"Umeolewa, hukuoa," alisema mzee taratibu, midomo haisogei. "Na sanduku lenyewe lina kufuli. Mbona umekaa miaka yote bila kuiba kitu?"

Daktari Seok akacheka. Akampima, akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Mzee alifika kizingitini akaganda, miguu imenata kama imetiwa gundi. Mkewe akamwekea mguu wake mbele ili auruke, na kweli aliuruka akapita. Daktari alilipenda jambo lile. Akaomba walirudie mbele ya kamera.

Wakati huo vilikuwa vimeingia vidonge vipya. Havikuwa dawa ya zamani iliyomwamsha yule bibi wa Seoul; hivi vilifanya kazi kwa njia nyingine, na kila mtaalamu alitaka kujua vinafika wapi. Daktari Seok alikuwa na kundi la wagonjwa aliowafuatilia navyo kwa utafiti. Mzee Gi akakubali kuingia.

Matokeo yake yalimshangaza hata Daktari Seok. Kabla miti ya barabarani haijapukutisha majani, mzee alikuwa anabeba magunia. Vidonge vikaongezwa, akaanza kupanda ngazi mbilimbili. Vikaongezwa tena kwa ombi lake mwenyewe. Siku moja akaja na ile nyundo kubwa ya mbao ya kutwangia mchele, akaizungusha uani mwa hospitali huku wagonjwa wengine wakimpigia makofi, na kamera ikachukua yote. Uso wake ulikuwa umefunguka. Alicheka na meno yakaonekana.

"Mwandike kwenye vitabu vyenu," alimwambia Daktari. "Gi Chun-bok, aliyefufuka bila kufa."

Mama Tae-ung alisimama nyuma yake ameshika koti lake. Yeye hakucheka. Daktari Seok aliliona hilo, maana alikuwa mtu wa kuona. Alimuuliza, "Nyumbani mambo vipi? Analala?"

"Halali sana," alisema mama yule. "Na siku hizi ana... ana mawazo."

"Mawazo ya nini?"

Mzee akageuza shingo akamtazama mkewe.

"Ya kinu tu," alisema.

Daktari akaridhika. Au tuseme alitaka kuridhika, kwa kuwa betri ya kamera ilikuwa inaelekea kuisha na alihitaji kumpiga picha mzee akigeuka upande wa kushoto.

Mwisho wa majira ya pukutizi ulikuwepo mkutano mkubwa wa madaktari mjini Seoul, naye alipangiwa kuzungumza. Siku moja kabla ya safari alikuwa chumbani kwake anaikatakata ile video ya mzee na nyundo ipate kutosha muda aliopewa. Nesi Bong, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, akafungua mlango kidogo.

"Mama Tae-ung yuko nje."

"Leo si siku yao."

"Amekuja peke yake. Anasema ana neno dogo tu."

Kwenye kioo cha kompyuta Mzee Gi alikuwa amesimama, nyundo juu, amegandishwa katikati ya kicheko. Daktari Seok hakuyaondoa macho pale.

"Mwambie sipo. Aje na mumewe siku yake."

"Daktari, anavyoonekana si mzima. Amejifunga kitambaa mpaka hapa..."

"Nesi Bong, nitaipata wapi nafasi? Treni yangu ni kesho."

Nesi Bong akafunga mlango. Daktari alisikia sauti mbili kwenye ujia, moja inaeleza, nyingine inasema ndiyo, ndiyo, samahani kwa usumbufu. Kisha viatu vya mpira vikaenda zake. Alisikiliza jinsi vilivyokanyaga, kwa mazoea, akajua kwamba mama yule anaegemea upande mmoja. Akaendelea na kazi.

Seoul alishangiliwa. Watu waliinuka vitini kumwona mzee akitwanga. Baadaye daktari mmoja kijana akauliza: kuna habari kutoka nchi nyingine kwamba vidonge hivi vinawavuruga baadhi ya watu, mwingine anazama kwenye kamari, mwingine anaingiwa na wivu usio na kichwa wala miguu. Je, Jeonju wameona nini?

"Kwa wagonjwa wetu hatujaona," alisema Daktari Seok.

Hakusema uongo, na hicho ndicho kilichokuja kumtafuna. Hakuwa ameona kwa sababu hakuwa ameuliza.

Mambo yaliyokuwa yakitendeka kule kinuni majirani waliyajua nusu nusu. Mzee Gi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumnyanyulia mkewe sauti, alikuwa ameamini kwamba mkewe ana hawara. Na hawara mwenyewe alikuwa Yeom, mzee aliyewaletea ufuta, kibogoyo, mwenye kuvuta mguu na wajukuu kibao. Ingekuwa kichekesho kama isingekuwa kweli. Mzee Gi alimwaga unga wa mchele kizingitini kabla ya kulala ili aone nyayo. Alinusa shali ya mkewe. Alimfungia chumbani akaenda na ufunguo. Mama Tae-ung alimezea. Ataanzia wapi kusema, mwanamke wa umri wake, kwamba mumewe anamwita malaya? Alianzia kwa daktari, siku ile, akiwa na alama shingoni chini ya kile kitambaa, akaambiwa daktari hayupo.

Karibu na mwaka mpya, kinu kimejaa wateja, Yeom alileta mzigo wake wa ufuta. Mzee akamrukia mbele za watu wote. Mkewe akaingia kati, akasukumwa, akaanguka juu ya sakafu iliyolowa maji ya mchele. Mkono ukavunjika kifundoni. Kule walikomfunga plasta alisema ameteleza. Sikukuu ilipopita akachukua mfuko mmoja wa nguo akaenda kwa dada yake mkubwa huko Buan, wala hakuaga.

Tae-ung, mwana wao, alikuwa mwalimu wa hesabu Iksan. Alikuja hospitalini akiwa na koti lake bado limejaa theluji mabegani, akasimama mbele ya meza ya Daktari Seok.

"Mimi si mtu wa kupiga kelele hospitalini, Daktari. Kwa hiyo nisikilize vizuri, maana nitasema polepole."

Akamwambia yote. Unga, ufunguo, shingo, mkono.

"Baba yangu alikuwa hawezi kuchinja kuku. Mama ndiye aliyechinja. Nikatafuta habari za vidonge vyake, nikasoma. Mmeandika wenyewe, ninyi madaktari! Kumbe jambo linajulikana. Ulimuuliza mama yangu lini?"



"Niliuliza mbele ya mzee," alisema Daktari Seok.

"Mbele ya mzee." Tae-ung alitikisa kichwa. "Alikuja kwako peke yake, unajua? Kwa basi. Bahati mbaya hukuwepo."

Nesi Bong, aliyekuwa akipanga majalada pembeni, aliinama zaidi. Lile "hukuwepo" lilipita katikati yao, naye Daktari Seok hakulizuia. Baada ya kijana kuondoka alibaki ameketi, chai yake ikapoa, wagonjwa wawili wakaitwa na daktari mwingine.

Akampunguzia mzee vidonge vile kidogo kidogo, maana huwezi kuvikata kwa mkupuo, akamwachia dawa ya zamani. Alienda mwenyewe kinuni kumtazama kila juma. Wivu uliondoka kama homa, na kukakamaa kukarudi. Nyundo ya mbao ikaegeshwa ukutani. Siku moja ya mwanzo wa masika alimkuta ameketi kwenye gunia, mikono inatetemeka mapajani, uso umefunga tena.

"Daktari," alisema mzee, "yale maneno niliyomwambia mke wangu. Niliyasema mimi au iliyasema dawa?"

"Dawa iliyageuza mawazo yako, Baba Tae-ung. Wewe huna hatia."

"Lakini nayakumbuka. Nakumbuka nilivyoyatunga. Nilijiona mwerevu." Machozi yakamtoka, uso wenyewe hausogei, yanashuka tu kama maji juu ya jiwe. "Sasa kama mimi sina hatia, nani anayo? Maana lazima iwe ya mtu."

Alikuwa anauliza tu, hakumlenga mtu. Lakini Daktari Seok hakulala vizuri tena baada ya hapo. Alijiambia kwamba alifuata taratibu. Alijiambia kwamba hata Seoul hawakuwa wakiuliza. Nafsi ikamjibu: wewe uliletewa mlangoni.

Akanunua kikapu cha mapeasi, akapanda basi kwenda Buan.

Mama Tae-ung alikuwa uani kwa dada yake, anamenya kitunguu saumu kwa mkono mmoja na nusu. Ule uliovunjika ulikuwa umeunga vibaya. Alimpokea kwa adabu, akamwekea mto wa kukalia, akaomba radhi kwa harufu kali ya vitunguu. Dada mtu alileta chai ya shayiri, akaiweka, akaingia ndani.

"Mzee anaendelea vizuri akilini," alisema Daktari Seok. "Anakuulizia."

"Tae-ung aliniambia." Kisu kikaendelea. "Daktari usijisumbue kuja mbali. Mimi sikulaumu. Siku ile ulikuwa safarini. Nimemwambia hata dada: lau angekuwepo, yule daktari angenisikiliza. Ana macho ya kuona yule."

Hapo palikuwa na njia ya kutokea, pana, imefagiliwa. Angeweza kushukuru, akala peasi moja, akarudi Jeonju. Nesi Bong asingesema kamwe.

"Nilikuwepo," alisema Daktari Seok.

Kisu kikasimama.

"Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango. Mimi ndiye niliyemtuma nesi aseme sipo. Nilikuwa natengeneza video ya mumeo."

Mama Tae-ung akakiweka kisu chini, akajifuta mkono kwenye aproni.

"Nilikaa kwenye kituo cha basi pale nje," alisema. "Mabasi mawili yakapita sikupanda. Nilikuwa nafikiri, labda atarudi sasa hivi. Na wewe ulikuwa juu pale."

"Ndiyo."

"Kwa nini unaniambia? Ili upumue?"

Daktari Seok alikitazama kikapu cha mapeasi. Labda ilikuwa kweli.

"Hilo ndilo nililokuwa nimebaki nalo, mwanamke wewe! Kwamba yupo mtu mmoja ambaye angenisikiliza. Umesafiri mpaka Buan kuja kuninyang'anya." Sauti yake ilipanda hata kuku wakatawanyika. "Chukua mapeasi yako."

Akainuka, akaingia ndani, mlango wa kuteleza ukafungwa. Daktari Seok aliketi pale mpaka dada mtu alipotoka, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu vilivyosalia.

"Nenda ukawahi basi," dada alisema, si kwa ukali. "Yeye akikasirika hula baadaye. Leo atakula. Tangu aje alikuwa hagusi chakula."

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano uleule wa Seoul, Daktari Seok alionyesha tena video ya mzee na nyundo. Watu wakatabasamu, maana waliikumbuka. Kisha akaizima akasimulia kilichofuata, majina ya wengine ameyaficha, lake mwenyewe hakulificha. Akarudia jibu alilowapa mwaka jana, akasema lilikuwa jibu la mtu aliyefumba macho. Profesa mmoja mkubwa alimwambia baadaye kwamba mambo ya mume na mke hayaletwi jukwaani. Wengine walimkwepa wakati wa chakula.

Tangu hapo kila mgonjwa wake alipokuja na mwenzake, mwenza aliingizwa chumba kingine na Nesi Bong, akapewa chai, akaulizwa taratibu. Yakaanza kutoka. Mume aliyenunua vyombo vilevile vya jikoni mpaka nyumba haipitiki. Mama aliyeamka kila usiku kula. Mzee mstaarabu wa kanisani anayemvizia mkewe. Wengi walikuwa wamebeba mambo hayo miaka, wake na waume wa wagonjwa walewale aliowapiga picha wakitembea vizuri. Aliyaandika, na maandishi hayo yakawa ndiyo kazi yake iliyojulikana kuliko zote, hata Japani na mbali zaidi wakaanza kuuliza maswali yaleyale. Walipomfanyia karamu ya pongezi alitoka kabla nyama haijaiva. Alimwambia Nesi Bong kwenye gari kwamba wanamshangilia kwa jambo alilojifunza kwa kuvunjika mkono wa mtu mwingine, na kwamba kila wakisoma jina lake anasikia viatu vya mpira.

"Basi mimi je?" alisema Nesi Bong. "Mimi ndiye niliyemtamkia uongo."



Mama Tae-ung alirudi kinuni mwaka huohuo wa mkutano wa pili, mzee alipoanza kuanguka. Hakuna aliyewapatanisha. Alishuka tu basi siku moja, akavaa aproni, akawasha mvuke. Waliishi pamoja mpaka mwisho, yeye akimpitisha vizingitini. Hospitalini alimleta mwenyewe kila mara, akajibu kila aliloulizwa, akamwita Daktari "Daktari" kwa adabu kamili. Ila sikukuu zilipofika, wakati wateja wote wa zamani waliletewa mikate ya mchele, nyumbani kwa Daktari Seok hapakuletwa kitu.

Mzee Gi alifariki kwa nimonia, majira ya baridi, Daktari Seok akiwa amekaribia kustaafu. Alienda msibani. Akaweka ua jeupe, akainama mbele ya picha mara mbili, akainamiana na Tae-ung, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Kisha akaketishwa mezani na waombolezaji wengine, akawekewa wali na supu nyekundu ya nyama. Hakugusa kijiko.

Mama Tae-ung, katika nguo nyeusi za msiba, alikuwa akipita meza hata meza kushukuru wageni. Alipofika pale akaketi, jambo ambalo kwingine hakulifanya.

"Nasikia siku hizi mnawauliza wake wa wagonjwa," alisema.

"Tunawauliza. Na waume pia."

"Mgonjwa akiwa nje?"

"Akiwa nje."

Mama Tae-ung aliitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono wake ule uliounga vibaya, akamsogezea bakuli.

"Kula," alisema. "Umekonda, utasema ni wewe uliyefiwa."

Akainuka akaenda meza nyingine, ambako Yeom mwenye ufuta, kibogoyo, alikuwa analia kwa sauti kuliko ndugu. Daktari Seok akala supu yote, ingawa pilipili ilikuwa kali. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, watu wawili wazee waliingia wakiwa wameshikana, mmoja anavuta hatua. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alianza kwa kumtazama usoni yule aliyekuwa amemshika mwenzake.